Masweta Matatu ya Mteja

Nyumba ya Mama Sweta ilijulikana kwa sauti kabla ya kujulikana kwa mlango. Ukipita barabarani asubuhi ulisikia krrr-chak, krrr-chak, mashine ya kufumia ikienda na kurudi, na katikati ya mlio huo mtu akikohoa. Mashine ilikaa sebuleni. Kusema kweli, sebule yenyewe ilikwisha kufa zamani. Palipokuwa na viti sasa palikuwa na magunia ya nyuzi, meza ya pasi, na rafu zilizojaa masweta ya shule ya kila kipimo: ya bluu, ya kijani na ya rangi ya damu ya mzee.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama alifuma. Bibi, mama yake Mama, alikunja nyuzi kuwa madonge. Macho yake yalikwisha kuingia ukungu, lakini mikono yake ilifanya kazi hiyo bila kuyauliza macho. Binti wa miaka kumi na miwili, mwembamba na mwenye ulimi mkali, alishona vifungo. Walimwita Sindano, naye hakuchukia. Alijivunia vifungo vyake. Alivishona kwa uzi maradufu, akavivuta kwa meno kuvijaribu, na shuleni alitamba kwamba sweta litachakaa lote lakini kifungo chake kitabaki. Baba yao alikuwa kazini mji wa mbali, na likizo yake ilikuwa haijafika.

Mdogo wake Sindano, mwenye miaka mitano, alikuwa Mteja. Kazi yake ilikuwa kuvishwa kila sweta dogo lililomalizika ili Mama aone kama limekaa sawa. Naye alikuwa mteja msumbufu hasa. Alijitazama kiooni, akageuka huku na huku, akakunja uso.

“Mikono mirefu,” alisema. “Na hapa shingoni linakwaruza. Punguza bei, Mama!”

“Bei haipungui, mzee,” Mama alijibu bila kusimamisha mashine.

“Basi naenda duka lingine!”

Alitoka mpaka mlangoni kwa hatua za mtu mzima aliyekasirika, kisha akarudi kuomba chai.

Wakati watu wengine walinung’unikia msimu wa baridi, nyumba hii iliupenda. Kwao baridi ilikuwa ndiyo mavuno. Shule zilikuwa zikiagiza masweta, na mashine ilikuwa hailali. Mama alipenda kusema, “Mwenye sweta haogopi baridi,” na aliisema kauli hiyo kama mtu anayetaja dawa.

Tatizo lilikuwa kikohozi. Ukifanya kazi na sufu, vinyweleo vyake hupeperuka hewani, vikaingia puani na kooni. Kwa hiyo pale nyumbani wote walikohoa, na kikohozi chenyewe walikipa jina: kikohozi cha sufu. Hakuna aliyewahi kwenda hospitali kwa ajili yake. Unakunywa maji, unafungua dirisha kidogo, unarudi kazini. Mazoea yana taabu, maana kitu ukikizoea hukioni tena hata kikisimama mbele yako.

Msimu ule yalikuja mafua makali. Alianza Sindano, akafuata Mama, kisha Bibi. Walipiga chafya, wakaumwa viungo, wakapata homa. Walikunywa maji ya moto yenye limau, wakalala mapema, na baada ya siku chache kila mmoja akasimama. Mteja alikuwa wa mwisho kuugua, na yeye pia akapata nafuu. Alirudi mbele ya kioo kudai apunguziwe bei. Bibi alisema, “Mnaona? Mafua ni mgeni tu. Akishiba huondoka.”

Lakini mgeni huyu aliondoka akarudi. Mama alimfumania Mteja akicheza uani bila sweta, na kesho yake homa ilimpanda tena, safari hii kali kuliko ya kwanza. Mama alichukia na kuogopa kwa pamoja.

“Si nilisema? Baridi imemwingia kifuani,” alisema. Alimvisha masweta matatu, moja juu ya jingine, akalifunga la juu vifungo vyote mpaka kooni. “Haya hayavuliwi mpaka homa itoke. Umenisikia, Sindano? Hata akilia.”

“Nimesikia, Mama.”

Hakuna aliyejiuliza kwa nini ugonjwa uliokwisha kuondoka umerudi na nguvu mpya. Waliliona kosa la kuvua sweta, wakaridhika kwamba sababu imepatikana.

Siku ya Jumamosi Mama alifunga gunia la masweta ya shule moja iliyokuwa upande wa pili wa mji. Kabla ya kutoka aliinama juu ya kitanda kidogo kilichokuwa kona ya sebule, akamgusa Mteja shavuni.

“Bado ana moto kidogo. Mpeni maji mara kwa mara. Nikirudi nitamtazama.”

“Nenda salama,” Bibi alisema. “Mtoto amelala, na usingizi ndiyo dawa.”

Mlango ulifungwa, na nyumba ikanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mashine kutolia mchana. Sindano alikaa na boksi lake la vifungo, akatunga uzi, akaanza kushona. Katika ukimya ule alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kabla. Hakikuwa kikohozi. Ilikuwa pumzi ya Mteja, fupi fupi, ya haraka, na kila mwisho wake palikuwa na mguno mdogo, kama wa mtu anayebeba ndoo nzito.

Alimwendea. Mteja hakuwa amelala vizuri. Macho yake yalikuwa nusu wazi, na mabawa ya pua yalikuwa yakipanuka kila alipovuta pumzi.

“Mteja, kunywa maji.”

Aliyagusisha midomoni. Mtoto alimeza kidogo, akakohoa, akageuza uso. Sindano alichukua sweta dogo la kijani lililokuwa limemalizika jana, akalinyanyua mbele yake.

“Tazama, mzee. Mzigo mpya umeingia. Bei yake leo sipunguzi ng’o!”

Mteja alilitazama lile sweta, kisha akafumba macho. Hakusema neno. Hapo ndipo moyo wa Sindano uliposhtuka. Mdogo wake aliwahi kuugua mara nyingi, lakini hakuwahi kukosa la kusema kuhusu bei.

“Bibi, Mteja anapumua vibaya.”

Bibi aliendelea kukunja donge lake. “Ni hicho kikohozi chetu cha sufu, mjukuu wangu. Mwache apumzike.”

“Hakohoi, Bibi. Anapumua kama amekimbia, na hajakimbia popote.”

“Ni homa hiyo. Haraka haraka haina baraka. Mama yako atarudi.”

Sindano alirudi kitandani akasimama pale bila kujua la kufanya. Alitaka kumtazama kifua. Lakini kifua kilikuwa chini ya masweta matatu, na masikioni mwake sauti ya Mama ilikuwa bado inasema, hayavuliwi, hata akilia. Mama alikuwa mpole katika mambo mengi, ila neno lake likishatoka halikurudi. Je, akimvua halafu baridi ikamzidi? Je, mdogo wake akifa kwa sababu ya mkono wake? Alitamani mtu mzima mmoja tu aingie mlangoni amwambie afanye nini. Hakuingia mtu.

Mteja aliguna tena. Sindano alianza kufungua vifungo.

Alifungua sweta la kwanza, akapandisha la pili na la tatu pamoja na fulana. Fulana ilikuwa imelowa jasho. Kisha akaona. Kila Mteja alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua, badala ya kupanda, ilizama ndani, na ngozi katikati ya mbavu ikabonyea, kama pakiti ya maziwa inavyobonyea ukiinyonya kwa mrija mpaka mwisho. Ilibonyea, ikaachia, ikabonyea tena. Mtoto alikuwa anafanya kazi kubwa kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, na kazi yenyewe ilikuwa kupumua.

“Bibi! Njoo!”

“Nitaona nini mimi na macho haya?”

“Usione. Shika tu.” Sindano aliuchukua mkono wa Bibi, akauweka juu ya kifua cha Mteja.

Vidole vya Bibi, vilivyozoea kugundua fundo dogo kabisa ndani ya uzi, vilitulia pale kwa pumzi kadhaa. Kisha uso wake ukabadilika, na donge la uzi likaanguka likabingirika chini ya meza. Hakuliokota.

“Mfunike upesi, tunatoka,” alisema. “Leo haraka ndiyo yenye baraka.”

Jirani yao, Fundi Viatu, alikuwa kibarazani kwake akigonga kisigino. Sindano alimkimbilia akamwomba ampigie Mama simu. Simu ililia, ikalia, haikupokelewa. Alipiga tena. Mama alikuwa ameitia simu ndani ya mkoba, na mkoba ulikuwa chini ya gunia.

“Nendeni,” alisema Fundi Viatu. “Mimi nitaendelea kupiga mpaka apokee.”

Aliingia katikati ya barabara na kiatu cha mtu bado mkononi, akasimamisha gari la mikate lililokuwa likirudi kutoka madukani. Dereva alimtazama mtoto aliyekuwa mikononi mwa Bibi, akasogeza trei zake bila kuuliza swali. Kabla ya kupanda, Bibi alihisi upepo. Alimvutia Mteja masweta yote matatu chini, akalifunga la juu vifungo vyote mpaka kooni, kama alivyofanya Mama. Ilikuwa ni mapenzi, wala tusimlaumu. Lakini kile Sindano alichokuwa amekiona kilifichika tena.

Safari haikuwa ndefu, ila kwake haikuisha. Gari lilinukia mikate. Alimwomba Mungu kimyakimya, akichanganya maneno. Akamwahidi mdogo wake kwamba atampunguzia bei ya kila kitu duniani.

Hospitali ilikuwa imefurika. Msimu wa baridi ulikuwa umeleta nusu ya mji pale, na nusu hiyo yote ilikuwa inakohoa. Watu walikaa kwenye mabenchi, wengine wakasimama wakiegemea ukuta. Kwenye dirisha la mapokezi alikaa dada mmoja mwenye macho mekundu ya uchovu, simu moja sikioni na nyingine inalia mezani.

“Ana nini mtoto?” aliuliza.

“Mafua, mwanangu,” Bibi alisema huku akihema. “Na kikohozi cha sufu.”

Dada yule alimtazama Mteja kwa haraka. Aliona mtoto aliyevaa vizuri, amefungwa kwa joto, macho yamefumba.

“Wa mafua ni benchi lile, Bibi. Mtaitwa.”

Wakakaa. Mama mmoja aliyekuwa pembeni aliwapisha, akatabasamu. “Mtoto wako mtulivu, Bibi. Wangu huyu amelia tangu asubuhi. Wako amelala kama malaika.”

Neno lile lilimchoma Sindano. Mwenye kulia alikuwa na pumzi ya kulilia. Mteja hakuwa nayo. Aliinama akamtazama usoni. Midomo, ambayo asubuhi ilikuwa mikavu tu, sasa ilikuwa imepauka na kuingia rangi ya kijivu. Alimtikisa bega. Mteja hakufungua macho.

Alirudi dirishani. “Dada, samahani, mdogo wangu amezidiwa.”

“Wote hapa wamezidiwa, mdogo wangu. Subiri zamu.”

“Lakini yeye…”

“Binti!” mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alimkemea. “Sisi wengine tumekuja kupiga soga hapa? Foleni ni foleni. Rudi ukakae.”

Watu walimgeukia. Sindano, ambaye nyumbani hakukosa jibu, alijikuta hana hata moja. Machozi yalimjaa. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi kurudi kukaa, kuwa mtoto mwenye adabu, na kungoja. Na aliona wazi kwamba akingoja, hatakuwa na mdogo.

Alirudi kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya Bibi, akashika kifungo cha juu. Baridi ilikuwa imemkakamaza vidole. Matundu alikuwa ameyabana mwenyewe ili vifungo visitoke ovyo, na sasa havikutoka. Cha kwanza kilifunguka. Cha pili kiligoma. Alikivuta kwa nguvu zake zote, na kifungo kile, ambacho alitamba kwamba hakitang’oka kamwe, kikakatika kikaruka kikagonga sakafu. Alipandisha masweta yote mpaka mabegani.

“Tazameni!” alipiga kelele, na sauti yake ikavunjika. “Kifua chake kinaingia ndani! Hawezi kunywa maji, haamki, midomo imebadilika rangi! Jamani, mtazameni!”

Yule mzee wa foleni alikuwa wa kwanza kuona, akashika kichwa. “Mpisheni mtoto! Nesi! Nesi!”

Mlango wa ndani ulifunguka, nesi mwanamume akatoka, akakitazama kifua kile mara moja tu. Hakuuliza jina wala zamu. Alimnyakua Mteja kutoka magotini kwa Bibi akakimbia naye ndani. Mlango ukafungwa.

Sindano alibaki sakafuni. Baada ya muda mtu alimletea masweta matatu, moja limechanwa mkono kwa mkasi. Aliyapakata. Yalikuwa bado na joto la mdogo wake.

Kungoja kule hakuelezeki. Bibi aliimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno, ule aliowabembelezea wote wawili walipokuwa wachanga. Kila mlango ulipofunguka walisimama, na kila mara aliyetoka hakuwa na habari yao. Mara moja nesi alipita akikimbia, amebeba chupa ya dripu, na Sindano akayakumbatia masweta zaidi.

Mama alifika akiwa na kandambili mguu mmoja na mwingine peku. Fundi Viatu alikuwa amempata hatimaye. Alimwona Bibi, akamwona Sindano, akayaona masweta matatu bila mtoto ndani yake. Alidhani kwamba mambo yamekwisha. Alikaa palepale chini, akatoa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwa mtu.

“Yuko hai, Mama!” Sindano alimrukia. “Yuko ndani, wanamtibu. Nilimvua. Nisamehe, nilimvua masweta.”

Mama alimkumbatia kwa nguvu mpaka ikauma. “Usiniombe msamaha,” alisema. “Usiniombe msamaha kabisa. Mimi ndiye niliyemfunga. Nilimfunga kwa mikono yangu, nikaenda zangu.”

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, alitoka baadaye. Hakuwaficha. Alisema Mteja ana nimonia, yaani mapafu yake yameshambuliwa, na hali yake ni mbaya. Alikuwa amewekewa hewa ya oksijeni na kuchomwa dawa.

“Atapona?” Mama aliuliza.

“Tumemwahi. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya. Tungoje dawa ifanye kazi.”

Wakangoja. Usiku huo Mama alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi za mwanawe, akipotea hesabu na kuanza upya. Kulipokucha, mguno ulikuwa umepungua. Siku iliyofuata Mteja alifungua macho, akaomba maji, akayanywa yote. Mama alikitazama kile kikombe kitupu akalia kuliko alivyolia kwenye sakafu ya mapokezi.

Daktari alipokuja kumpima, Mama alimwuliza lile lililokuwa likimla moyo. “Daktari, ni kwa sababu alicheza bila sweta?”

“Hapana. Mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine, havitoki kwenye upepo. Mmeugua nyumba nzima, mkaambukizana. Sweta ni zuri, mvisheni. Lakini haliponyi mapafu.”

“Basi kila tukipata mafua tuje hapa?”

Daktari, aliyekwisha kusikia habari za mashine ya kufumia, alicheka kidogo. “Mkifanya hivyo, nitawahamishia mashine yenu ukumbini. Mafua mengi huisha yenyewe, mama. Pumzika, kunywa maji mengi, kaa na dirisha wazi, kohoa kwenye kiwiko ili usiwape wengine. Wala msikimbilie vidonge vya kuua bakteria kwa kila chafya, haviui virusi vya mafua. Lakini mtu akipata nafuu halafu homa ikarudi kwa nguvu, hiyo si safari ileile ya mafua. Mleteni. Na mtoto akipumua mbiombio, kifua kikabonyea, akashindwa kunywa, akawa mzito kuamka au midomo ikabadilika rangi, hapo msingoje Jumatatu, msingoje hata chai ichemke. Hata zikionekana dalili mbili tu, hata ikiwa moja. Na wazee kama Bibi hapa, na wajawazito, na wachanga, hao waleteni mapema zaidi.”

Kisha alimgeukia Sindano. “Mlipofika mapokezi, mlisema ana nini?”

“Mafua,” Sindano alisema, akiona aibu.

“Na nesi alipokuja mbio, ulikuwa umesema nini?”

“Nilisema kifua kinaingia ndani. Na kwamba haamki.”

“Umeona? Jina la ugonjwa tuachieni sisi, ndiyo kazi tuliyoisomea. Ninyi tuambieni mlichokiona. Wewe ulisema ulichokiona, na ulipoona hatusikii ukatuonyesha. Jina lako nani, binti?”

“Wananiita Sindano.”

“Mh!” Daktari alitazama vitanda vilivyojaa watoto. “Basi humu ndani usijitambulishe, wataruka madirisha.”

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, Sindano alicheka.

Mteja alirudi nyumbani mwembamba na mkorofi. Kitanda chake hakikurudi sebuleni. Mama alikihamishia chumba cha nyuma, mbali na sufu, na kila jioni Sindano alipangusa vinyweleo kwa kitambaa kibichi. Jina la kikohozi cha sufu lilifutwa katika nyumba ile. Mtu akikohoa, aliulizwa maswali.

Ila Mama, aliyeumwa na nyoka, sasa aliruka hata akiona ukamba. Asubuhi moja Sindano alipiga chafya mara mbili, na kabla ya ya tatu Mama alikuwa ameshavaa viatu.

“Twende hospitali!”

“Mama, ngoja,” Sindano alisema huku akipenga kamasi. “Ninakula?”

“Unakula, tena umemaliza mkate.”

“Ninakunywa? Ninapumua vizuri? Ninakujibu?”

“Kujibu ndiko usikokuwa na ugonjwa nako.”

“Basi ni mafua tu. Tutayatazama.”

Mama alivua viatu polepole. Bibi, aliyekuwa akikunja nyuzi kwenye kona yake, alitikisa kichwa. “Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua,” alisema. “Siku zote nilidhani anayeficha anajua kwamba anaficha. Kumbe mtu anaweza kuficha kwa mapenzi, akafunga na vifungo juu.”

Mteja aliingia. Alikuwa amelivaa lile sweta lililokuwa la juu kabisa, la rangi ya damu ya mzee. Mkono uliochanwa Mama alikuwa ameushona, lakini pale kwenye kifungo cha pili palikuwa wazi. Sindano alitaka kukishona, Mama akamkataza. Mteja alikwenda mbele ya kioo, akageuka huku na huku, akakunja uso.

“Hili limeharibika,” alisema. “Limekosa kifungo. Punguza bei, Mama!”

Siku zote Mama alikuwa akimjibu bila kusimamisha mashine. Safari hii krrr-chak ilikoma. Alitoka kwenye kiti, akapiga magoti, akalifungua lile sweta, akaweka kiganja juu ya kifua kidogo kilichokuwa kikipanda na kushuka bila taabu.

“Sikilizeni nyote wawili,” alisema. “Nguo inafunika mwili, haifuniki ugonjwa. Mtu wenu akiugua, msitazame alivyovaa. Mtazameni mwenyewe, na mkiona asichokuwa nacho jana, semeni, hata kama mimi nimekataza.”

Akamfunga vifungo, akaruka pale palipokosekana kimoja.

“Na bei?” Mteja aliuliza.

“Hili haliuzwi, mzee,” Mama alisema.